Cheti cha Wiki 12 na Mlango wa Mtumba

Simu hizi huja usiku, kati ya saa moja na saa tatu, mtu akishafika nyumbani na kula. Anasalimia, anauliza habari za familia, halafu sauti inashuka: "Kaka, nataka kuacha kazi nikasomee programu. Unanishauri nini?" Mmoja ni mwalimu wa shule binafsi kule Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwingine ni karani wa ghala Kizota. Wiki iliyopita alikuwa dada wa mapokezi katika nyumba ya wageni Area C, ambaye barua ya kuacha kazi alishaiandika na kilichobaki ni kuipeleka tu. Wote wameona tangazo la butikampu, zile kozi za muda mfupi za kuandika programu zinazoahidi kumpokea mtu asiyejua lolote na kumfikisha kwenye ajira baada ya wiki 12.

Yule dada nilimwomba barua aiweke kabatini kwanza. Sababu zangu haziishi kwenye simu ya dakika kumi, ndiyo maana naziandika hapa.

Njia hiyo nimeipita mwenyewe. Nilikuwa karani wa hesabu. Nikaacha kazi, nikalipa ada, nikasoma miezi mitatu. Walimu walikuwa na nia njema, na mengi niliyojifunza pale yananilisha mpaka leo. Lakini lile neno lililonifanya nitoe akiba yangu yote, "tutakuunganisha na waajiri", lilikuja kuwa kundi la WhatsApp ambamo yalirushwa matangazo ya kazi za Nairobi, Lagos na Ulaya, mengi yakidai uzoefu wa miaka mitatu na kuendelea. Nilikaa miezi saba bila kipato. Hakuna aliyenidanganya kwa makusudi. Ila hakuna aliyenieleza jambo ambalo lingeelezeka siku ya kwanza: kozi hizi zilibuniwa kwa ajili ya soko la mahali pengine, na kazi za mji huu zinapatikana kwa njia tofauti kabisa.

Chimbuko lake ni Marekani. Mwaka 2012 ilianzishwa Dev Bootcamp mjini San Francisco, na nyingine nyingi zikafuata nyayo. Wakati ule hesabu ilikuwa inaeleweka. Kampuni za teknolojia zilikuwa zinakua kwa kasi, riba za mikopo ziko chini, fedha za wawekezaji zinamwagika, na waandishi wa programu hawatoshi. Mtu akijua kutengeneza tovuti inayofanya kazi, kampuni ilikuwa tayari kumpokea na kumalizia kumfundisha kazini. Butikampu ilikuwa daraja fupi lenye ng'ambo inayoonekana.

Hata huko kwenyewe daraja lilianza kuyumba mapema. Dev Bootcamp ilifungwa mwaka 2017. Nyingine iliyosifiwa sana, Lambda School, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa BloomTech, ilikuwa inawaambia wanafunzi wasome kwanza, walipe wakipata kazi: asilimia 17 ya kipato chao kwa muda maalumu, hadi kikomo cha dola 30,000. Mwaka 2024 CFPB, mamlaka ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, iliiadhibu na kuipiga marufuku kutoa mikopo kwa wateja. Shule hiyo ilikuwa inatangaza kwamba asilimia 71 hadi 86 ya wahitimu wanapata kazi, ilhali takwimu zake za ndani zilikuwa karibu na asilimia 50, na kwa baadhi ya makundi zilishuka hadi asilimia 30. Riba nazo zilianza kupanda Marekani Machi 2022. Novemba mwaka huo Meta, kampuni ya Facebook, ikapunguza wafanyakazi 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza kupunguza 12,000. Mhitimu wa wiki 12 akajikuta kwenye foleni moja na mtu aliyefanya kazi Google miaka sita.

Karibu na nyumbani kuna funzo ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo yote. Kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014 kwa wazo zuri sana: chagua vijana wenye akili, wafundishe, walipe huku wakijifunza, kisha waunganishe na kampuni za nje. Wengi wetu tuliitazama kwa matumaini. Mwaka 2019 iliwaachisha kazi mamia ya waandishi wa programu wachanga wa Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kwamba wateja wake walikuwa wanataka watu wenye uzoefu. Ilikuwa na wateja, fedha na jina, na bado wachanga ikashindwa kuwapatia kazi. Kozi ya hapa kwetu isiyo hata na mteja mmoja inapokuahidi ajira ya nje ukiwa na wiki 12 za darasani, iulize imepata wapi kile ambacho Andela ilikikosa.

Sasa turudi Dodoma. Nani ananunua teknolojia katika mji huu?

Mnunuzi mkubwa ni Serikali. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wizara zimejengwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na makao makuu ya Mamlaka ya Serikali Mtandao yako hapa hapa. Malipo ya Serikali yanapita mfumo wa GePG, zabuni zinapita NeST, watu wanaomba kazi na watumishi wanahamishwa kwa mifumo. Mgeni akipita barabara ya Dar es Salaam na kuyaona yale majengo anasema moyoni: kazi za kompyuta hapa lazima ziwe tele. Zipo. Lakini zinaombwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na tangazo la Afisa TEHAMA linataka shahada ya fani hiyo kutoka chuo kinachotambulika na Serikali. Cheti cha butikampu ambacho hakiko chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) wala TCU (tume ya vyuo vikuu) hakikufikishi hata kwenye usaili. Uwezo wako unaweza kuwa mkubwa kuliko wa aliyeitwa, ila mfumo wa maombi hauna mahali pa kuuonyesha.

Halafu kuna Chuo Kikuu cha Dodoma. Kina ndaki nzima ya sayansi za kompyuta na elimu mtandao, na kila mwaka inatoa wahitimu waliokaa miaka mitatu au minne wakisoma yale yale unayotaka kuyasoma kwa wiki 12, na zaidi yake. Wengi wao nao wanatafuta kazi. Nawafahamu kadhaa wanaosajili laini za simu pale Jamatini. Kama mpango wako ni kushindana nao kwa vyeti, umeshindwa kabla hujaanza, na mtu anayekupenda anapaswa kukwambia hivyo.

Haya yote sikuyaandika ili kumvunja mtu moyo. Nayasema kwa sababu upo mlango mwingine, mpana kuliko ule wa Mtumba, na huyo mwenye barua ya kuacha kazi ana ufunguo wake mkononi na yuko tayari kuutupa.

Namjua dada mmoja aliyeuza dawa miaka sita katika duka la dawa muhimu maeneo ya Majengo. Alisoma programu jioni na Jumamosi, sehemu kwa kozi ya kulipia, sehemu kwa masomo ya bure ya freeCodeCamp, kwa bando la usiku na laptopu ya mtumba iliyokuwa ikikata pumzi kila anapofungua madirisha mengi. Hakuacha kazi. Mwenye duka lake alikuwa ameshanunua mfumo wa mauzo kwa kijana mmoja aliyesoma vizuri, na mfumo ule wauzaji waliususa ndani ya miezi miwili. Kila mtu alisema wauzaji ni wavivu, hawapendi teknolojia.

Siku moja dada huyo aliniita nikaketi naye nyuma ya kaunta. Akachukua boksi la vidonge akanionyesha pembeni: EXP, mwezi na mwaka, basi. Siku haikuandikwa. Dawa ya namna hiyo inatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi ule. Mfumo wa yule kijana ulikuwa unalazimisha kujaza siku, usipojaza haukuruhusu kuendelea, kwa hiyo wauzaji walikuwa wanaweka 01 ili kazi iende. Matokeo yake kila dawa iliwaka nyekundu mwezi mzima kabla ya wakati. "Mama mwenye duka alikuwa anakuja juu," akaniambia. "Anasema, mwanangu, hii dawa haijaisha, mbona kompyuta inasema imeisha?" Wauzaji wakazoea kupuuza nyekundu. Na walipoizoea, siku dawa ilipoisha kweli, nayo ikapuuzwa.

Yule kijana hakukosea msimbo, yale maandishi ya kuiagiza kompyuta. Msimbo wake ulifanya alichouagiza. Ila hakuwahi kusimama nyuma ya kaunta.

Dada akaandika wa kwake. Unajaza mwezi na mwaka, hesabu inakwenda hadi mwisho wa mwezi, na onyo linaanza siku 90 kabla. Alijua pia kwamba mteja wa Majengo hanunui boksi. Ananunua karatasi moja ya vidonge, au vidonge viwili, kwa hiyo stoo yake inahesabu kwa boksi, kwa karatasi na kwa kidonge, na kubadilisha yenyewe. Alijua kwamba paracetamol ya kampuni yoyote ile mteja anaiita Panadol, kwa hiyo ukiandika herufi tatu, "pan", zinakuja zote zilizopo rafuni. Alijua saa kumi na moja jioni kuna foleni, na muuzaji hana nafasi ya kugusa vitufe vitano kwa mteja mmoja. Hakuna darasa la butikampu linalofundisha mambo haya, San Francisco wala Dodoma. Kaunta ndiyo iliyomfundisha kwa miaka sita, na alikuwa akilipwa mshahara huku akifundishwa.

Msimbo wenyewe, kwa kipimo cha ufundi, ni wa kawaida sana. Niliuona. Kuna sehemu amekirudia mara nne kitu ambacho kingeandikwa mara moja. Lakini maduka manne yanaulipia kila mwezi, na la kwanza kulipa lilikuwa lile lile aliloajiriwa.

Hapo ndipo lilipo soko la mwanzo la Dodoma. Yapo maduka ya vipuri, shule binafsi zinazohangaika na karo za kulipwa kidogo kidogo, SACCOS zenye madaftari ya mikopo, ushirika wa zabibu unaopima mizigo ya wakulima misimu miwili kwa mwaka na kuandika kilo kwa kalamu, na nyumba za wageni zinazojaa kila Bunge linapokaa. Hawa hawaulizi cheti. Wanauliza: unamjua nani hapa, na ikiharibika nikupate wapi? Mwalimu wa Nkuhungu anazijua karo. Karani wa Kizota anajua gunia linavyopotea kati ya mizani na daftari. Dada wa Area C anajua chumba kimoja kinavyouzwa mara mbili usiku wa Bunge la bajeti. Mtu akiacha kazi leo, baada ya mwaka ujuzi huo unaanza kupoa na watu waliomwamini wanaanza kumsahau.

Na ipo hesabu ya muda, ambayo matangazo huiruka. Kozi ya kutwa ya wiki 12, saa 40 kwa wiki, ni saa 480. Ukisoma saa mbili kila jioni siku tano na saa tano Jumamosi, unapata saa 15 kwa wiki, na saa zile zile 480 zinakuchukua wiki 32. Yaani haifiki miezi minane, badala ya mitatu. Watu wakisikia miezi minane wanaguna. Lakini mimi niliyemaliza kwa mitatu nilikaa saba bila shilingi, na jumla yake ni kumi. Aliyesoma jioni kwa miezi minane alikuwa anakula mshahara wakati wote.

Mkoa huu una mvua ya msimu mmoja. Inaanza Desemba hivi na kufikia Aprili imekata, na mkulima wa Bahi au Kongwa anajua tangu utotoni kwamba chakula hakihesabiwi kwa siku za mavuno tu. Kinahesabiwa kwa kiangazi kizima, mpaka mtama mwingine ukomae. Mtu wa mkoa huo huo anaweza kukaa chini na kupanga ada, bando na nauli za wiki 12, asiweke hata senti ya miezi inayofuata kozi. Kiangazi cha mwandishi wa programu mchanga ndicho hicho, kati ya cheti na malipo ya kwanza, na ndicho kinachowarudisha wengi kwenye kazi za awali wakiwa na deni na aibu isiyowastahili.

Ukishaamua kulipia kozi, na zipo zinazostahili kulipiwa kwa sababu mwalimu anayekujibu usiku umekwama ana thamani kubwa kuliko video 100, basi nenda uwaone ana kwa ana. Usiulize wanafundisha lugha gani ya programu. Python au JavaScript, zote zitakufaa, na ukijua moja ya pili haitakusumbua. Uliza waliomaliza mwaka jana wako wapi, na uombe kuongea na watatu utakaowachagua mwenyewe. Uliza neno "ajira" kwenye takwimu zao lina maana gani, maana nimekuta shule inamhesabu mhitimu aliyebakizwa kuwa msaidizi wa darasa kwa posho ya nauli. Uliza mradi wa mwisho unafanywa kwa mteja wa kweli au ni ile programu ya kuandika orodha ya shughuli za siku ambayo kila mhitimu duniani anayo. Soma mkataba unaosema "lipa ukipata kazi" polepole, uupeleke kwa mtu anayejua mikataba, uone unalipa asilimia ngapi, kwa muda gani, na kama kibarua chako cha zamani nacho kinahesabika kuwa "kazi".

Swali la akili bandia siku hizi haliepukiki. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kazi ndogo ndogo ambazo mchanga alikuwa anapewa ili akue, mashine inazifanya kwa sekunde. Nami naitumia kila siku. Lakini nilipoiomba inijengee fomu ya stoo ya dawa, iliniletea sehemu ya tarehe yenye siku, mwezi na mwaka. Kosa lile lile la yule kijana, limeandikwa kwa usafi zaidi. Anayejua boksi limeandikwaje atalikamata. Asiyejua atalipeleka dukani kama lilivyo. Kwa hiyo siamini kwamba kazi hii imekufa kwa wanaoanza. Naamini imekuwa ngumu zaidi kwa anayekuja mikono mitupu, na rahisi kidogo kwa anayekuja na kazi yake ya zamani begani.

Jambo moja la sheria nalisema kwa haraka kwa sababu kozi nyingi hazilitaji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukijenga mfumo unaotunza jina la mgonjwa na dawa aliyonunua, umeshika taarifa za afya yake, na una wajibu. Yule dada aliamua mfumo wake usitunze majina ya wateja kabisa. Mwenye duka mmoja alitaka orodha ya wanaokopa, akakubaliana naye ibaki kwenye daftari.

Ushauri wangu kuhusu kujifunza kwenyewe ni mfupi. Tatizo liandike kwanza kwa Kiswahili, kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mgeni njia ya kutoka Nyerere Square hadi Sabasaba. Nimeona wanafunzi hodari wakikwama kwa sababu walikuwa wanapambana na mambo mawili kwa pamoja, kufikiri na kutafsiri. Ukishaona hatua zako, Kiingereza cha kompyuta ni maneno machache tu yanayojirudia. Kwa wanaotaka kukutana na wenzao wa Dar es Salaam, treni ya SGR iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024 inakufikisha kwa safari ya muda wa saa nne hivi, na unarudi. Hakuna haja ya kuhama kwenda kupanga chumba Sinza ili uonekane uko kwenye teknolojia.

Dada wa Area C alinipigia tena juzi. Barua bado iko kabatini. Ameanza kuandika kwenye daftari kila mara chumba kinapouzwa mara mbili: saa ngapi, nani alikuwa zamu, mteja alikuja kwa simu au kwa miguu. Ana kurasa tisa.

Na yule wa Majengo, Jumamosi hii anapanda Coaster kwenda Kibaigwa. Kuna duka la dawa pale karibu na soko la mahindi linataka mfumo wake, kwa sharti moja, uendelee kufanya kazi umeme ukikatika na intaneti ikipotea. Hajawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Jana usiku saa nne alinitumia picha ya kioo cha laptopu yake kikiwa na mistari miwili ya maandishi mekundu, na chini yake ameandika: "Kaka, hii ya kwanza nimeielewa. Nisaidie ya pili."